Huduma ya simu kwa mfanyabiashara wa dagaa: nyota nne, na kilichoizuia ya tano

Huduma ya simu huku kanda ya ziwa naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bando, na nitaeleza nikifika huko. Naandika kama mnunuzi, tena mnunuzi wa kila siku. Kazi yangu ni dagaa, soko la Mwaloni Kirumba, na hakuna gunia lililotoka mikononi mwangu bila gharama ya simu kuwa ndani ya bei yake. Mvuvi yuko kisiwani, Irugwa au Goziba. Gari liko Mwanza. Mnunuzi yuko Lubumbashi, Lusaka au Kariakoo. Kinachotukutanisha ni maneno, na maneno yananunuliwa.

Vijana wa pale sokoni husema kampuni za simu zinatunyonya kuliko wakati wowote. Wakisema bando nawaelewa. Lakini hilo la "kuliko wakati wowote" silikubali, kwa sababu nimekulia katika nyumba ya mtu wa Posta na najua watu walikuwa wanalipa nini ili wapate nini. Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa kaunta ya telegramu, ujumbe wa maandishi uliopelekwa kwa waya, hapa Mwanza enzi za Posta na Simu ya Afrika Mashariki. Kazi aliisomea Mbagathi, Nairobi, chuo cha shirika, na alirudi na mapenzi ya kweli na kazi ile. Mambo ya bei za zamani, za kwetu na za nchi nyingine, nimeyapata kwake kabla sijayasoma popote. Kwa hiyo tathmini yangu naianzia kwenye kaunta yake.

Ulifika, ukapewa fomu, ukaandika kwa herufi kubwa. Karani alipita juu ya kila neno na penseli, akahesabu, akazidisha kwa bei ya neno moja, akakutajia jumla. Ukiona ni nyingi, unarudishiwa fomu yako unapunguza. Nikiwa mtoto nilikuwa nampelekea baba chakula cha mchana, na nimewaona watu wakifuta salamu zote, wakifuta "tafadhali", wakifuta jina la mgonjwa, mpaka ikabaki MAMA HOI NJOO. Ya haraka ililipiwa mara mbili na ikatangulia nyingine. Kiswahili kilitupunguzia gharama: "nimewatumia" lilikuwa neno moja kwenye kaunta, ambapo Mwingereza alilipia manne kwa habari hiyo hiyo. Kanuni za kimataifa ziliweka ukomo wa herufi 15 kwa neno, likizidi linahesabiwa mawili, na baba alikuwa na mazoea ya kututegea maneno marefu wakati wa chakula cha jioni tuone kama yanavuka.

Ilikuwa ghali, ndiyo. Lakini hakuna mtu aliyeondoka kaunta akijiuliza pesa yake imekwenda wapi. Alijua bei kabla ya kulipa, na alichokilipia kilikuwa kile kile kilichofika. Hilo ndilo pimo langu la kwanza kwa huduma yoyote ya mawasiliano. La pili ni hili: je, mtu anaadhibiwa kwa mahali anapoishi?

Kwenye hilo la pili baba alipenda kutoa mfano wa Uingereza. Mwaka 1866, waya wa chini ya bahari ulipoiunganisha Uingereza na Marekani kwa kudumu, ujumbe mdogo kabisa uliokubaliwa ulikuwa wa maneno 20, na bei yake pauni 20. Pauni nzima kwa neno moja, wakati kibarua wa shambani Uingereza hakufikisha pauni moja kwa wiki. Basi miaka minne baadaye, 1870, Posta ya Uingereza ikazichukua kampuni zote za telegrafu za ndani ya nchi na kuweka bei moja: shilingi moja kwa maneno 20, uwe unatuma mtaa wa pili au mwisho wa nchi, na anwani haihesabiwi. Mwaka 1885 wakashusha zaidi, nusu shilingi kwa maneno 12, ila sasa anwani nayo ikaingia kwenye hesabu. Ndiyo maana kampuni na ofisi zilihangaika kujisajilia anwani ya simu, yaani ya telegramu, ya neno moja. Mazoea hayo yalifika hadi kwetu. Mwenye barua ya zamani ya Wizara ya Elimu atazame juu pembeni, ataona anwani ya simu ni neno moja tu: ELIMU. Neno hilo moja liliokoa pesa kila telegramu ilipotumwa.

Bei ile ya nusu shilingi iliitia hasara Posta ya Uingereza kwa miaka mingi. Baba hakuiona kuwa aibu. Alisema nchi iliamua kwamba aliye mbali asilipe kuliko aliye karibu, na pengo likazibwa kwa pesa nyingine. Wengine wataona ni uendeshaji mbaya wa biashara. Mimi niliyezaliwa na mama wa kisiwani namuunga mkono baba.

Huku kwetu waya ulianzia pwani. Mwaka 1879 ule wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Cecil Rhodes naye alitaka wake utoke Cape Town hadi Cairo, ukaishia Ujiji. Ziwani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na mitambo ya simu ya upepo, yaani redio isiyotumia waya, Mwanza na Bukoba. Juni 1915 Waingereza walipakia askari melini Kisumu, wakavuka ziwa, wakaishambulia Bukoba, na lengo lao kubwa lilikuwa kuuangusha mlingoti wa mtambo huo. Mwanza ilichukuliwa Julai 1916. Nikipita Capripoint nikaona minara imesimama juu ya mawe huwa namkumbuka baba, kwa sababu kisa hicho alikisimulia kwa kirefu na alitaka tuelewe kwamba jeshi zima lilivuka Nyanza kwa ajili ya nguzo ya mawasiliano.

Sasa simu ya sauti. Hapa kwa enzi zile siwezi kutoa zaidi ya nyota mbili, na hata hizo ni heshima kwa maopereta, waliofanya kazi kwa uungwana mkubwa. Kupiga simu ya mbali uliomba kwa opereta, ukakata, ukasubiri akutafutie njia. Ikipatikana, anakupigia. Malipo yalikwenda kwa dakika tatu tatu, na kadiri unayempigia alivyokuwa mbali ndivyo bei ilivyopanda. Huo haukuwa ubaya wa shirika letu peke yake, dunia nzima ilitoza hivyo. Laini ya New York hadi San Francisco ilipofunguliwa Januari 1915, dakika tatu za kwanza zilikuwa dola 20.70. New York na London zilipoanza kuzungumza kwa redio Januari 1927, dakika tatu zilikuwa dola 75. Tukumbuke ni dola za wakati ule.

Sababu inaeleweka ukifikiri kidogo. Watu wawili wakizungumza, njia yote kati yao, nguzo kwa nguzo, ilikuwa yao peke yao mpaka wamalize, na mwingine anangoja. Bei ilianza kushuka mafundi walipopata namna ya kupitisha mazungumzo mengi kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1956 waya wa kwanza wa simu chini ya Atlantiki ulibeba mazungumzo 36 kwa pamoja, na dakika tatu zilikuwa dola 12. Toka 75 hadi 12. Hakuna aliyekuwa na huruma zaidi mwaka 1956 kuliko 1927. Njia zilikuwa zimeongezeka.

Kwetu njia hazikuongezeka haraka. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Kampala, lilikwenda na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na lake. Baba akawa mtumishi wa Shirika la Posta na Simu la Tanzania, kaunta ile ile, penseli ile ile. Simu za nyumbani zilikuwa chini ya moja kwa kila watu mia nchini, na maombi ya laini yalikaa miaka. Mimi nilipoanza biashara nilitegemea simu ya mwenye duka mmoja Mtaa wa Rufiji, mzee wa Kihindi tuliyeheshimiana sana. Simu yake ilikuwa ya kuzungusha namba, na kwenye kile kisahani alikuwa amefunga kufuli dogo. "Dada, leo Dar au Bukoba?" ananiuliza, halafu anatafuta ufunguo. Aliandika dakika kwenye daftari na kunitoza bei ya shirika na kitu kidogo juu yake. Sikuwahi kulalamika. Bila yeye ningekuwa nauza dagaa kwa bei ya kusikia.

Kuna siku moja naieleza hapa kwa sababu inahusu thamani, na thamani ni nusu ya tathmini yoyote. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Nilikuwa na watu wangu Bukoba, na wao walikuwa na watu waliopanda ile meli. Pale Mwaloni wakati ule sikumjua hata mtu mmoja mwenye simu ya mkononi. Mji mzima ulikwenda kwenye simu chache zilizokuwepo. Watu walisimama foleni Posta, walisimama kwenye maduka, wengine walikwenda misheni kuomba simu ya upepo. Ukifika zamu yako, laini ya Bukoba imejaa, kwa sababu na huko nao mji mzima unapiga. Mzee wa Rufiji alifungua kufuli akaliweka mfukoni, na siku zile zote hakumtoza mtu. Sisi tulimpata shemeji akiwa salama: alikuwa amebaki Bukoba, hakusafiri. Habari hiyo ya neno moja, HAKUSAFIRI, tuliipata kwa kuchelewa mno, baada ya mama kwenda uwanjani kutazama miili. Waliozikwa Igoma wengine ndugu zao walikuwa bado wanatafuta laini.

Kwa hiyo mtu akiniambia simu za zamani zilikuwa na nidhamu, namuuliza kama amewahi kusubiri laini akiwa na msiba.

Miaka ya tisini shirika liligawanywa kwa sheria ya mwaka 1993: Posta upande wake, TTCL, kampuni ya simu, upande wake, na tume ya kusimamia. Vikaja vibanda vya kadi, ambavyo vilikuwa vizuri pale vilipofanya kazi. Mobitel ilianza kutoa simu za mkononi mwaka 1994, Vodacom ikaja 2000, Celtel 2001. Mwanzoni simu ya mkononi ilikuwa ya mabwana wakubwa wa minofu ya sangara. Ikashuka kwa madalali, ikashuka kwetu, ikafika kwa mvuvi. Mwaka 2000 laini za mezani nchi nzima hazikufikia laki mbili. Mwisho wa 2023 laini za simu zilizokuwa zikitumika zilivuka milioni 70.

Kubwa walilolifanya, na watu hawalisifu vya kutosha, ni kuua umbali. Nikimpigia mtu aliyeko Igogo hapa hapa mjini na nikimpigia aliyeko Mtwara, dakika ni bei moja. Ile shilingi moja ya mwaka 1870, isiyojali uko wapi, sisi tuliipata kwa simu ya mkononi. Mkerewe hatozwi kwa kuwa Mkerewe. Kwa hili peke yake nimekwisha kuwapa nyota mbili kati ya nne zangu.

Lakini umbali ulipokufa ukazaliwa mpaka mwingine, wa mtandao kwa mtandao. Mnakumbuka mfanyabiashara alivyokuwa anatembea na simu tatu? Mimi mkoba wangu ulikuwa na laini ya wavuvi, laini ya madereva na laini ya wanunuzi, kwa sababu ukipiga nje ya mtandao salio linayeyuka unalitazama. Wengi waliona ni tamaa ya kampuni. Ilikuwa na mzizi wake. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, kampuni yako inailipa kampuni yake ada ya kuipokea ile simu na kuifikisha. Hadi 2012 ada hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 100 kwa dakika. Basi hata kampuni ikupende vipi, haiwezi kukuuzia dakika ya nje kwa shilingi 60, kwa kuwa yenyewe imekwisha kulipa 100 na ushee upande wa pili. Machi 2013 TCRA, mamlaka ya Serikali inayosimamia mawasiliano, ikaishusha hadi shilingi 34.92. Ikaendelea kushuka kidogo kidogo, Januari 2018 ikawa 15.60, na kufikia 2022 ikawa shilingi 2 tu.

Angalieni kilichotokea baada ya hapo. "Dakika za mitandao yote" zikawa kitu cha kawaida kwenye vifurushi. Mimi nimebaki na simu moja ya laini mbili, na hizo mbili ni kwa sababu ya minara, bei haina tena neno. Katika historia yote ya simu niliyoishi nayo, sijui uamuzi wa ofisini uliotuwekea pesa mfukoni kama huu, na pale sokoni ukiuliza hakuna anayeujua. Watu wanakumbuka ile miaka ya karibu na 2009 kampuni ziliposhindana kwa shilingi moja kwa sekunde, kwa kuwa ilitangazwa kila ukuta. Hii ya TCRA haikuwa na bango.

Pesa kwa simu nayo niipitie, ingawa wengi wanaijua. Zamani tulikuwa na TMO, hawala ya pesa kwa njia ya telegrafu. Unalipa Posta Mwanza, karani anatuma ujumbe, mwenzako analipwa Posta Nansio kama pesa ipo kwenye droo. Western Union ya Marekani ilianza kazi kama hiyo mwaka 1871, ikaja kuachana kabisa na telegramu mwaka 2006 na kubaki na pesa. India ilifunga telegramu zake Julai 2013. M-Pesa ilipofika Tanzania mwaka 2008 sisi wa dagaa tulikuwa tumeingoja bila kujua jina lake. Nilikuwa nabeba noti kwenye kanga, ndani ya boti, usiku, kwenda kumlipa mvuvi kisiwani. Wafanyabiashara wenzangu wameporwa majini kwa ajili hiyo. Leo mvuvi analipwa boti ikiwa bado haijaondoka. Ada ipo, na mvuvi hasahau kukwambia "weka na ya kutolea", lakini naiona ni halali. Iliyotuumiza ni tozo ya Serikali ya Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Watu walirudi kubeba noti, na mimi niliwaona. Septemba mwaka ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikashushwa tena, na biashara ikatulia.

Sasa bando.

Kwa hesabu tupu, bando ni rahisi kuliko chochote alichowahi kuuza baba yangu. Kwa shilingi elfu moja unapata dakika ambazo mzee wa Rufiji angezijaza kwenye kurasa za daftari lake. Ugomvi wangu uko kwenye saa. Bando unalinunua, unalilipia yote, halafu linakufa likiwa na dakika ndani. Telegramu haikufanya hivyo. Hata opereta wa simu ya mbali hakufanya hivyo. Pesa niliyolipa ni halali yao, lakini dakika nilizonunua zinanyang'anywa kwa sababu saa imefika.

Na mtu wa dagaa anaumia kuliko wengine, kwa sababu ya mwezi. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi huwasha taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unavutwa. Mbalamwezi ikiwaka taa haivuti kitu, kwa hiyo karibu wiki nzima ya kila mwezi wavuvi wanavuta mitumbwi ufukweni, wanashona nyavu, wanapumzika. Ndiyo biashara ilivyo tangu babu zetu. Siku za giza napiga simu toka alfajiri: nani amepata, amepata ngapi, jua lipo la kuanikia, mvua imeanguka Ukara au haijaanguka, boti inatoka saa ngapi. Siku za mbalamwezi simu yangu inalala. Nikinunua bando la mwezi, wiki ya mbalamwezi inaliwa bure. Nikinunua la wiki, linaanza gizani na kuishia kwenye mwanga. Nikinunua la siku, ndiyo salama zaidi, lakini dakika moja ya bando la siku inanigharimu kuliko ya bando la mwezi. Kwa hiyo yule ambaye kazi yake haifuati kalenda ya ofisi ndiye anayelipa zaidi kwa kitu kile kile. Mkulima wa pamba naye yuko hivyo, na mvuvi mwenyewe ndiyo kabisa. Umbali uliondolewa, na sasa adhabu imehamia kwenye ratiba ya mtu.

Kampuni zina jibu lao na nalijua. Mnara unalipiwa umeme, dizeli na mafundi, uutumie usiutumie, kwa hiyo wanapendelea mteja anayelipa mapema na kwa mpangilio. Haki yao. Lakini hata nguzo za waya za enzi za baba zilisimama usiku mzima bila mtu kuzitumia, na hakuna aliyefutiwa maneno yake.

La pili kwenye bando ni majina na menyu. Leo ofa hii, kesho haipo, kesho kutwa iko kwa jina jingine na dakika zimepungua. Aprili 2, 2021, bei za vifurushi zilipopanda ghafla, wananchi walipiga kelele nchi nzima mpaka Serikali ikaagiza zirudi za awali. Kanuni za mwaka ule zilileta kitu kimoja kizuri, ujumbe wa kukwambia umetumia asilimia 75 na kisha zote. Nawashukuru kwa hilo. Lakini mwaka jana kampuni moja, sitaitaja, ilinikata salio kwa bando la kujiunga lenyewe ambalo sikuliomba, wakati wa giza, nikiwa na mvuvi Goziba kwenye mstari anayetaka kujua apakie au asipakie. Salio liliisha katikati ya sentensi. Alipakia kwa mnunuzi mwingine. Huduma kwa wateja walinirudishia salio baada ya kubishana sana. Ile boti hawakunirudishia.

Wanaofanya vizuri kwenye jambo hili ni mawakala wadogo. Pale Mwaloni, upande wa mizani, kuna binti ana meza na mwavuli, na ameandika kwa chaki vifurushi vya mitandao yote: bei, dakika, na saa vinapokufa. Kila asubuhi anafuta na kuandika upya. Bibi asiyeona vizuri maandishi ya simu anasomewa ubao, anachagua, ndipo analipa. Baba angempenda sana yule binti. Kama una safari ya Mwaloni, nunua vocha kwake.

Kuhusu minara, nyota zinabadilika kulingana na kisiwa. Mwanza mjini, Ilemela, Magu na Sengerema sina neno. Nansio nzuri. Ukienda visiwa vya mbali, mtandao mmoja unashika ufukweni tu, mwingine unashika mlimani tu, na ndiyo sababu ya laini yangu ya pili. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao kampuni zinachangia ili minara ifike mahali ambapo hesabu ya faida peke yake isingeipeleka. Ni wazo lile lile la Posta ya Uingereza kubeba hasara ili wa mbali asitengwe, na visiwani tumeanza kuyaona matunda yake. Naomba waongeze kasi kwa Ukara na visiwa vidogo vya wavuvi, maana huko mtu akizidiwa usiku hakuna namna nyingine ya kuita boti.

Kwa kampuni ombi langu ni moja. Wekeni bando lisilo na saa, na liwe mahali pa juu kwenye menyu, siyo kuchimbwa ukurasa wa nne, na bei yake isiwe ya kumfukuza mtu. Niuzieni dakika mia tatu, nizitumie giza hili, zilizobaki zinisubiri giza lijalo. Niko tayari kulipa zaidi kidogo ya wa bando la mwezi. Mkifanya hivyo, mwezi ule ule narudi hapa kuongeza nyota ya tano.